Kuminga na Curry: munawapima kwa mizani gani?

Ndugu wachimbaji, mama zetu, na vijana wote wenye kupanda na kushuka hii barabara ya Masisi, leo tunaomba ruhusa tuongee basket. Mutasema: watu wa sendika wameacha mambo ya mashimo, sasa wako mu michezo. Mutuvumilie kidogo, mutaona tunafika wapi.

Hapa Sake, pale barabara inagawanyika, moja ya Masisi, moja ya Kitchanga, moja ya Minova, kuna ubishi wenye hauishi. Ni ubishi juu ya Jonathan Kuminga na Stephen Curry. Vijana wanasema: "Kuminga njo wetu, iko na nguvu, anaruka, Curry amezeeka, angemuachia nafasi." Wazee wanajibu: "Mutoto angojee. Curry amebeba vikombe 4, huyo wenu amebeba nini peke yake?" Kiisha kila mutu anatoa simu, anatafuta hesabu ya pointi, anaonyesha ile yenye inamupendeza.

Sisi tunaona pande zote mbili zinapima vibaya. Na tunaona kupima vile vile vibaya kunatuumiza ku mashimo kila siku. Tuanze na hao wawili, kiisha tutashuka ku shimo.

Kuminga alizaliwa Goma, tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 2002, ule mwaka lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji. Mwaka 2016 alienda Marekani, akiwa angali mutoto wa masomo. Mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ikatapika tena, na wakaaji wa Goma wakakimbilia huku kwetu Sake. Munakumbuka namna nyumba na makanisa vilijaa. Miezi 2 kisha pale, tarehe 29 mwezi wa 7, kule New York, wakaita jina la mutoto wa Goma. Kila mwaka ekipe za NBA zinachagua wachezaji wapya kwa mustari, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuminga aliitwa wa 7, na ekipe yenye ilimuchagua ni Golden State Warriors, ile ya Curry.

Sasa musikilize hii. Curry, mwenye alizaliwa mwaka 1988, yeye pia alichaguliwa na ekipe ile ile, mwaka 2009. Nafasi yake? Ya 7. Na Emmanuel Mudiay, muzaliwa wa Kinshasa, meneur, alichaguliwa na Denver mwaka 2015. Nafasi yake? Ya 7 pia. Watu watatu, namba moja. Lakini mulango wenye walipitia haukufanana hata kidogo, na pale njo hesabu za simu zinadanganya.

Curry alipoingia, ekipe ilikuwa zaifu. Musimu wa 2009-2010 Golden State ilishinda mechi 26, ikapoteza 56. Mutu mupya akapewa dakika 36 kila mechi, akatia wastani wa pointi 17.5. Akikosea, haikuharibu kitu, juu ekipe ilikuwa imekwisha kuharibika. Na yule mwenye alikuwa amemutangulia kwa nafasi ile, Monta Ellis, alisema wazi mbele ya waandishi, mbele ya musimu kuanza, kwamba yeye na Curry hawawezi kucheza pamoja, juu wote wawili ni wafupi. Donc huyu tunayeita leo muzee wa heshima, siku yake ya kwanza aliambiwa na mukubwa wake kwamba hakuna nafasi. Kiisha kifundo cha muguu kikamusumbua. Musimu wa 2011-2012 alicheza mechi 26 tu. Kama wangemupima siku ile, wangemutupa. Hawakumutupa. Mwezi wa 3 mwaka 2012 ni Ellis njo alitumwa ekipe ingine, na Curry akabaki.

Kuminga yeye aliingia mu nyumba yenye ilikuwa imekwisha kujengwa. Musimu wake wa kwanza, 2021-2022, alicheza mechi 70, dakika karibu 17 kila mechi, wastani pointi 9.3. Alikuwa na miaka 19. Mwezi wa 6 mwaka 2022 ekipe ikashinda Boston mechi 4 kwa 2, ikabeba kikombe, na Curry akatajwa muchezaji bora wa fainali na wastani wa pointi 31.2. Mutoto wa Goma akawa mushindi wa NBA mu mwaka wake wa kwanza, lakini mechi nyingi za mwisho alizitazama akiwa ameikaa ku benchi. Mu ekipe yenye inatafuta kikombe, kosa la mutu mupya linaonekana mara moja, na kocha anamutoa.

Mudiay, yule wa tatu, alipewa usukani wote tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka 19. Wastani wake ulikuwa pointi 12.8 na pasi 5.5. Kwa hesabu ya simu, Mudiay alianza vizuri kupita Kuminga. Lakini mwezi wa 2 mwaka 2018 Denver ikamutuma New York, na leo tunaongea juu yake kama mutu wa zamani, na haiko muzee.

Sasa utawaweka hawa watatu ku mizani moja namna gani? Mumoja alipewa dakika na ruhusa ya kukosea. Mumoja alipewa muzigo wote kabla mabega hayajakomaa. Mumoja aliambiwa akae, atazame. Ukilinganisha pointi tu, unapima kitu chenye patroni na kocha waliamua, kiisha unamupongeza ao unamutukana muchezaji.

Wazee watatuambia: "Basi, kukaa na kutazama njo shule." Ni kweli nusu. Kukaa karibu na Curry ni shule kubwa. Curry haiko mutu mwenye mwili wa ajabu, ana kama mita 1.88, na Kuminga anamupita kwa urefu na kwa nguvu. Chenye Curry iko nacho ni kujua. Anakimbia bila mupira mpaka yule anayemulinda anachoka. Anajua wapi rafiki yake atakuwa kabla huyo rafiki hajafika. Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, pale New York, alipita Ray Allen kwa hesabu ya mitupo ya pointi 3, akafikia 2,974. Kitu kama kile hakipatikane kwa nguvu. Ni miaka ya kurudilia kazi moja.

Lakini nusu ingine wazee hawaisemi: kutazama bila kushika haifundishe. Musimu wa 2023-2024, dakika za Kuminga zilipoongezwa, alifikia wastani wa pointi 16.1. Mutu ni yule yule. Chenye kiligeuka ni nafasi.

Na vijana pia wasifurahi haraka. Tukumbushane mwezi wa 5 mwaka 2025. Golden State walikuwa wanacheza na Minnesota. Mechi ya kwanza wakashinda, lakini mu mechi ile Curry akaumia nyama ya paja, hakuweza kurudi. Kuminga, mwenye alikuwa amewekwa ku benchi, wakamuita. Mechi ya 3 akatia pointi 30. Hapa kwetu vijana wakapiga makelele: "Munaona? Tulisema!" Ndiyo, walisema. Lakini Golden State ikapoteza mechi 4 zenye zilifwata, zote, ikarudi nyumbani. Mutoto alikuwa na nguvu ya kutia pointi 30, na ekipe bila mukubwa haikujua njia. Sisi tunasoma jambo lile hivi: ile nguvu ilikuwako wakati wote, ikikaa ku benchi, na walipoihitaji walikuwa wamechelewa kuiunganisha na ile akili.

Basi tukiulizwa, mechi moja, usiku moja, nani? Tunasema Curry, na hatubishane. Lakini swali la nani bora ni swali la mutu mwenye kutazama. Mutu wa kazi anauliza ingine: nani aliweka bei? Nani aliandika masharti yenye mukubwa na mudogo wanafwata?

Hapa tunaingia mu mambo yetu ya sendika. Wachezaji wa NBA wako na sendika, tangu mwaka 1954. Na mwenye aliianzisha alikuwa meneur mukubwa wa Boston, Bob Cousy. Yeye jina lake lilikuwa kubwa, angeweza kujitafutia yake tu. Tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka 1964, kule Boston, siku ya mechi ya nyota wote, watu wamejaa, televisheni inangojea, wachezaji wakajifungia mu chumba cha kuvalia. Wakasema: hatutoke mpaka mutuahidi pensheni. Mumoja wa mapatroni akatuma neno la kutisha wachezaji wake. Hawakutoka. Mukubwa wa NBA akaahidi, kiisha wakacheza. Muchezaji bora wa mechi ile alikuwa Oscar Robertson, naye meneur.

Robertson yule yule, akiwa prezida wa sendika, mwaka 1970 jina lake likawekwa juu ya kesi yenye kuomba muchezaji asifungwe ku ekipe moja kama mali ya patroni. Alicheza mwisho mwaka 1974. Kesi ikakatwa mwaka 1976, wachezaji wakapata njia ya kuhama. Yeye hakucheza hata mechi moja chini ya uhuru ule. Wadogo zake njo walikula matunda. Kwetu sisi, ukitaka kupima mukubwa, pima na hii pia, na haionekane ku simu.

Lakini tuseme kweli yote, juu sendika yenye inajisifu tu inadanganya watu wake. Mwaka 1994, muchezaji mupya Glenn Robinson alipata kontra ya dola milioni 68 kwa miaka 10, hajatia hata pointi moja. Wazee wakanunika, mapatroni wakanunika. Mwaka 1995 mapatroni na sendika wakapatana bareme ya wapya: kila nafasi na bei yake, hakuna kubishana. Ni nani hakuwa ku meza siku ile? Wapya. Walikuwa wangali mu masomo, wengine hawajazaliwa. Wakubwa waliuza mufuko wa wadogo, na wadogo hawakuulizwa.

Ile bareme njo ilimufunga Kuminga. Musimu wa 2024-2025 Curry alilipwa karibu dola milioni 56, Kuminga dola milioni 7 na nusu na kidogo. Kwetu milioni 7 ni ndoto, tunajua, na hatulilie mutu yule. Tunaangalia namna kamba imefungwa. Kontra ya kwanza ilipoisha, sheria ilikuwa inasema ekipe ingine ikileta bei, Golden State iko na haki ya kulipa bei ile ile na kumubakiza. Kwa hiyo ekipe zingine zikaogopa kusumbuka. Akangoja jua lote la mwaka 2025. Mwisho wa mwezi wa 9 njo wakapatana: miaka 2, kufika dola milioni 48 na nusu, na mwaka wa pili ni ekipe njo ingeamua kama utakuwako. Mutu wa miaka 22 mwenye alitia pointi 30 mbele ya dunia nzima, bado uamuzi ulikuwa mu mukono wa mwengine.

Sasa tushuke ku shimo.

Mu milima ya Masisi, kule Rubaya, coltan inachimbwa kwa mikono. Kule Walikale, mu mashimo ya mikono, ni cassitérite. Udongo wa Masisi ni mwepesi, mvua ikinyesha unatelemuka. Kila ekipe ya shimo iko na Curry wake na Kuminga wake. Curry wetu ni muzee wa boisage. Anagonga jiwe na nyundo, anasikia kama ni zima ao limepasuka. Anaona maji yanabadilisha rangi, anasema: leo tutoke. Kuminga wetu ni kijana wa miaka 19, mwenye mwaka uliopita alikuwa anabeba tu mifuko. Anachimba mara mbili ya muzee, anashuka bila kupumzika, haogope.

Wenye shimo wanatupima namna gani? Kwa mifuko, paka mifuko. Kwa mizani ile muzee anapoteza, juu siku yenye alitumia kukaza miti haikutoa hata mufuko moja. Sehemu yake inakatwa, kiisha wanamuambia arudi nyumbani, nafasi apewe kijana. Na siku mizani inageuka upande wa wazee, tunafanya kama watu wa 1995: tunaikaa sisi wakubwa na PDG wa shimo, tunapatana kwamba mugeni atapata nusu ya sehemu mwaka muzima, deni ya chakula na vyombo juu yake, na hana neno ku mukutano. Kijana anakubali juu hana njia, vita imeondoa watu mu mashamba, nyumbani wanangojea unga.

Matunda ya mambo haya tunayajua wote. Muzee akifukuzwa, kijana anashuka mu shimo lenye hakuna mutu alilisikiliza. Kijana akikatwa nusu, anashuka usiku kwa siri apate ya kujazisha. Pande zote mbili udongo unaanguka juu ya yule yule wa miaka 19, na mama yake anakuja kuuliza ku barabara nani aliona mutoto wake. Kwa hiyo ubishi wa mukubwa na mudogo unaleta maiti. Na wakati sisi tunabishana nani bora, bei ya kilo inawekwa na watu wenye hawajawahi kushika nyundo.

Wengine watatujibu: "NBA iko na mabilioni, iko na avoka, iko na sheria. Sisi tuko na nini? Hapa hata mwenye kutawala anabadilika, na nyumba zetu tumezikimbia mara ngapi?" Hatukatae. Sake imekimbiwa na imerudiliwa, na hakuna avoka atakuja kesho. Lakini wale wa 1964 mu chumba kile hawakuwa na sheria upande wao. Walikuwa na mulango wa kufunga, na wakubwa na wadogo walibaki ndani pamoja. Kama nusu wangetoka, pensheni ingekufa siku ile.

Tunaomba mambo matatu, na yote matatu tunaweza kuyaanza bila kungojea barua ya mutu.

La kwanza: siku ya boisage ihesabiwe kama siku ya kuchimba. Muzee mwenye amekaza miti na kusikiliza jiwe apate sehemu nzima, sawa na mwenye alitoa mifuko. Bila yeye mifuko ile haingetoka.

La pili: hakuna mutu mupya kushuka chini peke yake na wapya wenzake. Kila kijana awe na mukubwa moja mwenye jina lake linajulikana, na mukubwa yule amuachie nyundo mukononi, amuache agonge, asikie, akosee akiwa angali karibu. Siyo kumuweka nje atazame miaka miwili.

La tatu, na hii njo ngumu kwetu wakubwa: tukienda kuongea na PDG ao na wanunuzi juu ya sehemu na bei, vijana wawe mu chumba. Wajichagulie wenyewe wawili ao watatu kwa kila shimo, wasichaguliwe na sisi. Tusipatane tena kitu juu ya mufuko wa mutu mwenye hayuko pale.

Wazee wengine watakasirika na hii ya tatu. Tunawauliza: nani atakaza miti siku mikono yenu itaanza kutetemeka? Na ninyi vijana, musicheke muzee mwenye anatembea polepole mu shimo. Muangalie anatembea polepole wapi, na pale anasimama.

Siku ya mukutano wa ekipe yenu, mulete mambo haya matatu. Muyabishanie, muyapunguze, muyaongeze. Na mama zetu mwenye kulisha ekipe ku mashimo, mujue namna sehemu zinagawanywa, muulize kwa sauti, juu pesa ile inafika ao haifike mu chungu chenu. Ubishi wa Kuminga na Curry muendelee nao jioni, barabarani, ni utamu wetu na hatuukataze. Lakini asubuhi, mbele ya kushuka, mukubwa na mudogo waongee kwanza juu ya miti na juu ya sehemu.